Maswali kwa Fundi: Kisanduku cha Kuitia Bata Mzinga

Katika toleo lililopita tulichapisha barua ya seremala mmoja wa Masasi ambaye mteja wake, mwenye ndugu anayeishi Marekani, alimwagiza atengeneze visanduku viwili vya mbao vya aina inayotumiwa na wawindaji wa huko kuitia bata mzinga wa porini. Baada ya barua hiyo zilifika nyingine kutoka Newala, Nachingwea, Kilwa, Lindi na Mtwara Mjini, nami nimeona ni bora kuzijibu zote mahali pamoja, kwa sababu jibu la mmoja linamhusu mwingine.

*Ndugu Fundi, mimi ni seremala wa milango na vitanda. Kisanduku hicho sijawahi kukiona kwa macho. Naomba unieleze kimeundwaje, vipimo vyake ni vipi, na ni mbao zipi za huku kwetu zinazofaa. (Seremala, Masasi)*

Ndugu yangu seremala, kazi hii iko ndani ya uwezo wako, ingawa itakudai usahihi ambao mlango haukudai. Kisanduku chenyewe ni kidogo: kina kitako, vichwa viwili vya mbao nene kwenye ncha zake, mbavu mbili nyembamba kandokando, na kifuniko kirefu chenye mpini. Kifuniko hicho hakifungwi kwa bawaba. Hushikwa upande mmoja kwa skrubu moja tu, ili kiweze kuyumba kulia na kushoto juu ya kingo za mbavu. Mwindaji hukipaka chaki upande wa chini, akakivuta taratibu kivuke ukingo wa ubavu mmoja, na hapo hutoka sauti ya bata mzinga jike. Muundo huu wa kifuniko kinachoyumba juu ya skrubu ulipewa hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, mwaka 1897, mwenyewe akiwa Henry C. Gibson wa Dardanelle katika jimbo la Arkansas, na mafundi wengi wa leo bado wanaufuata. Kabla ya hapo wenyeji wa Amerika Kaskazini walikuwa wakiitia ndege hao kwa kipenga cha mfupa wa bawa la bata mzinga mwenyewe.

Kinachofanya sauti itoke ni mnato na utelezi. Chaki hukifanya kifuniko kishike kwenye ukingo kwa kitambo kidogo mno, kisha kiachie, kisha kishike tena, na jambo hilo hutokea mamia ya mara katika sekunde moja. Ni kazi ile ile ya upinde wa zeze uliopakwa utomvu juu ya uzi wake, isipokuwa hapa uzi ni ubavu wa mbao. Ubavu hutetemeka, na hewa iliyomo ndani ya kisanduku huikuza sauti hiyo mpaka isikike mbali msituni. Ukilielewa hili vizuri utaelewa pia kwa nini mbavu ndizo zinazobeba kazi yote, na kwa nini kitako na vichwa vinaweza kuwa vya mbao yoyote iliyo imara na kavu.

Kwa vipimo, anza hivi. Urefu wa kisanduku uwe kati ya sentimita 20 na 23, upana wa nje sentimita 5, na kimo cha mbavu sentimita 4 hadi 5. Kitako kitoshe milimita 6. Vichwa viwe na unene wa milimita 15 au zaidi kidogo, kwa sababu kimoja kitashika skrubu na vyote viwili vitashika mbavu zisilegee. Mbavu zianze na unene wa milimita 3. Kimo cha vichwa kiwe chini ya kingo za mbavu kwa milimita 2 au 3, ili kifuniko kiguse mbavu peke yake. Kingo zenyewe zisinyooke kama rula: ziwe na upinde mwepesi kutoka kichwa hadi kichwa, katikati pakipanda takriban milimita 3 kuliko ncha, na juu zilainishwe pande zote mbili mpaka pabaki mstari mwembamba wa kugusana. Kifuniko kiwe na urefu wa sentimita 28 hadi 30 pamoja na mpini, na upande wake wa chini uwe na mbinuko, yaani katikati pawe pamevimba na kandokando pakishuka taratibu. Mbinuko huo uutoe kwa randa kisha kwa msasa uliozungushwa kwenye kipande cha mbao bapa. Usiutoe kwa kidole, maana kidole huacha mabonde usiyoyaona.

Tundu la skrubu katika kifuniko liwe kubwa kidogo kuliko skrubu yenyewe, ili kifuniko kipate nafasi ya kulala na kuinuka, na kati ya kichwa cha skrubu na kifuniko uweke springi nyepesi. Springi ya kalamu ya wino inatosha kabisa.

Sasa mbao. Mafundi wa Marekani hupenda mahogani ya Amerika ya Kati, mwerezi mwekundu, mjozi na popla kwa ajili ya mbavu. Kwa huku kwetu ningeanza na mkangazi, ambao ni wa ukoo mmoja na mahogani hiyo, una uzito wa wastani na hurandika vizuri ukipata ubao wenye nyuzi zilizonyooka. Mninga nao ni chaguo jema, kwa sababu ukishakauka haubadiliki sana kwa majira, na kwa kifuniko ninauweka mbele ya mkangazi. Mkongo ni mzito na mgumu, basi uwe wa kifuniko tu. Mwarobaini umejaa katika miji yetu ya pwani, lakini nyuzi zake hupishana na hukwanyuka chini ya randa, kwa hiyo unahitaji uvumilivu na bledi iliyonolewa sana. Kwa majaribio ya kwanza tumia mwembe, ambao ni wa bei nafuu na hautakuuma roho ukiuharibu. Chagua ubao uliopasuliwa ili duara za umri zisimame wima katika unene wa ubavu, maana ubao wa namna hiyo haujikunji ovyo.

Na ubao uwe mkavu kweli. Upange kivulini kwa vijiti vinavyopitisha hewa, uupime kwa mizani ya jikoni kila wiki, na usiuguse kwa msumeno mpaka uzito wake uache kushuka.

*Shikamoo Mwalimu. Ninajifunza useremala na nimefuata mchoro nilioonyeshwa. Kisanduku changu kinalia, lakini kinatoa sauti moja nyembamba inayokwaruza, bila ule mkunjo wa bata mzinga jike ambaye huanza juu kisha akashuka. Ubavu wa pili haulii kabisa. Nikivute vipi, au nikate wapi? (Mwanafunzi, Mtwara Mjini)*

Marahaba, mwanangu. Swali lako ndilo moyo wa kazi hii yote, na ninakuomba usikate chochote kabla ya kumaliza kusoma jibu hili, kwa sababu mbao iliyokwisha kuondoka hairudi.

Mlio wa jike unaousema una sehemu mbili zilizoungana: mwanzo wa juu ulio safi, kisha sauti huvunjika na kuangukia chini ikiwa na ukwaruzo kidogo. Kisanduku kizuri hufanya mvunjiko huo chenyewe katika mvuto mmoja wa kifuniko. Jambo hilo huwezekana kwa sababu kifuniko kina mbinuko na ukingo una upinde, hivyo unapokivuta mahali pa kugusana huhama kidogo kidogo, na ubavu hutetemeka kwa namna tofauti mwanzoni na mwishoni mwa mvuto. Kama kifuniko chako ni bapa, au kama ukingo wako ni mpana, mahali pa kugusana hapahami, na sauti hubaki moja tangu mwanzo hadi mwisho. Nina hakika kubwa kwamba hapo ndipo tatizo lako la kwanza lilipo.

Lipime hivi. Weka kipande cha karatasi ya kaboni juu ya ukingo, upande wa wino ukitazama kifuniko, kisha ushushe kifuniko na ukivute mara moja kwa uzito wake mwenyewe bila kukikandamiza. Geuza kifuniko uangalie alama. Ukiona mstari mmoja mwembamba unaosafiri kwa mshazari juu ya mbinuko, mgusano wako ni mzuri. Ukiona doa pana au madoa mawili yaliyotengana, kuna bonde au kilima, nacho kiondolewe kwa msasa namba 220 uliobandikwa juu ya ubao bapa, mivuto michache tu, kisha upime tena. Fanya hivyo kwa mbavu zote mbili. Ubavu wako usiolia huenda hauguswi kabisa, kwa kuwa ni mfupi kuliko mwenzake kwa upana wa unywele, nayo karatasi ya kaboni itakuonyesha papo hapo.

Mgusano ukiwa sahihi na sauti bado ni nyembamba mno, ndipo tunapoufikia unene. Ubavu mnene hutoa sauti ya juu, na ukiupunguza sauti hushuka na kupata ukwaruzo. Punguza kwa ndani, kwenye theluthi ya chini karibu na kitako, kwa tupa laini au kwa msasa uliobandikwa kwenye kijiti, na uache ukingo wa juu kama ulivyo. Sehemu ile ya chini ndiyo inayoushika ubavu, na ukiilegeza kidogo ubavu wote hupata uhuru wa kutetemeka. Angalia pia kama gundi ilivuja na kukauka katika kona za ndani. Kilima cha gundi huukaza ubavu kama mbao ya ziada, na mara nyingi kukiondoa kwa ncha ya patasi kunatosha bila kugusa kitu kingine. Ikiwa kinyume chake sauti imeshuka mno na kuwa nzito isiyo na ukali, kunenepesha huwezi, lakini unaweza kupunguza kimo cha ubavu kwa kukwangua ukingo wa juu, kisha ukaurudisha upinde wake. Kisanduku kikiwa na kina kidogo, sauti hupanda.

Kila unapoondoa kitu, ondoa kidogo, pangusa vumbi, paka chaki, usikilize. Mafundi wengi wanaoharibu visanduku hawaviharibu kwa kutojua pa kukata, bali kwa kukata mara mbili kabla ya kusikiliza mara moja.

Kuna mambo mengine matatu yanayoweza kukudanganya ukadhani ubavu ni mbaya. La kwanza ni skrubu: ukiikaza sana kifuniko hulemea ukingo na sauti huwa kali na fupi, na ukiilegeza sana kifuniko hurukaruka. Izungushe robo mzunguko kwa wakati mmoja mpaka upate mahali pake, kisha uweke alama ya kalamu ya risasi. La pili ni mkono wako. Ukikishika kisanduku kwa kukikumbatia, vidole vyako vinazizuia mbavu zisitetemeke. Kilaze juu ya kiganja, ukishike kwa ncha za vidole kwenye kitako na vichwa tu, na mpini uushike kwa wepesi, kifuniko kijivute kwa uzito wake. La tatu ni mafuta. Usipake vanishi wala kipolishi kwenye kingo na kwenye upande wa chini wa kifuniko, na usiziguse sehemu hizo kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi yanatosha kuinyamazisha mbao. Nje ya kisanduku unaweza kupaka vanishi nyepesi, tabaka moja tu, maana vanishi nene huuongezea ubavu unene.

Ninapendekeza pia kwamba ubavu mmoja uuache na milimita 3 na mwingine uushushe hadi karibu milimita 2 na nusu. Kisanduku kimoja kitatoa sauti mbili, jike kijana upande huu na jike mkubwa upande ule, na mnunuzi anayekifahamu kitu hiki ataulizia jambo hilo kabla ya kuuliza bei. Kabla ya kugandisha mbavu, zishike kwa vidole viwili karibu na ncha na uzigonge kwa kifundo cha kidole moja baada ya nyingine: tofauti ya sauti utaisikia hata kabla kisanduku hakijaumbika.

*Fundi, mimi ni mfugaji wa bata mzinga. Mwanangu ametengeneza kisanduku hicho, na kila akikivuta dume langu hujibu kwa mlio wake wa gulugulu, basi mtoto anasema kazi imekamilika. Je, ni kweli? Na je, kelele hizo hazinisumbulii ndege? (Mama mfugaji, Lindi)*

Mama yangu, nimeifurahia sana barua yako, kwa sababu nyumbani kwako kuna kitu ambacho fundi wa kazi hii hawezi kukinunua dukani. Bata mzinga wa kufugwa na bata mzinga wa porini wa Amerika ni aina moja ya ndege. Yule wa kufugwa alitokana na wa porini huko Meksiko tangu zama za kale, Wahispania wakamleta Ulaya katika karne ya 16, na kutoka huko akasambaa duniani mpaka akafika katika nyua zetu. Amebadilika umbo na rangi, lakini lugha yake kwa sehemu kubwa ni ile ile. Kwa hiyo mwanao hana haja ya kufika Marekani ili ajue sauti sahihi, maana mwalimu wake anadonoa mahindi mlangoni.

Lakini mwalimu huyo siye dume. Dume, hasa katika majira ya kujamiiana, hujibu karibu kila sauti ya ghafla: mlango ukibamizwa, honi ya bodaboda, kunguru, radi. Wawindaji wa Marekani wanalijua sana jambo hili, na baadhi yao huiga bundi au kunguru ili dume ajitaje alipo. Gulugulu yake inathibitisha tu kwamba amesikia kitu, nayo haithibitishi kwamba amesikia jike. Dalili iliyo bora ni kumwona dume akigeuka, akikielekea kisanduku kwa hatua, akitandaza mkia na kuburuta mabawa, na dalili iliyo bora kuliko hiyo ni kumwona jike mwenyewe akiinua shingo na kukijibu.

Basi amfundishe sikio lake kwa jike. Bata mzinga ni ndege wa kundi na hapendi kuachwa. Ukimweka jike mmoja nyuma ya uzio ambapo haoni wenzake, baada ya muda mfupi ataanza kuita kwa milio inayofuatana, yenye nafasi zinazolingana. Mwanao aketi karibu asikilize mambo mawili: kila mlio unavunjika wapi, na mwendo kati ya mlio na mlio ni upi. Mwendo huo ni muhimu kama sauti yenyewe, kwa maana kisanduku chenye sauti nzuri kinachovutwa kwa haraka isiyo na mpango hakimwiti mtu wala ndege. Anaweza kurekodi kwa simu ili akumbuke mwendo, ila asitengenezee sauti kwa spika ya simu, kwani spika ndogo huikata sehemu ya chini ya mlio, na fundi anayeifuata ataishia na kisanduku chembamba cha sauti.

Kuhusu usumbufu, dakika chache hazimdhuru jike, mradi arudishwe kwa wenzake mara tu somo linapokwisha na asitengwe anapoatamia. Na kisanduku kisipigwe siku nzima karibu na majike wanaolalia mayai. Mara moja asubuhi, wakati ambao wao wenyewe huitana baada ya kushuka mahali walipolala, inatosha.

*Mimi ni mchongaji wa vinyago, na mpingo ndio mti niliokulia nao. Nataka kutengeneza kisanduku chote kwa mpingo na kukichonga nakshi za Kimakonde pande zote. Unasemaje? (Mchongaji, Newala)*

Ndugu yangu mchongaji, kisanduku chako kitapendeza machoni, lakini ninahofia kitakuwa bubu, nami nisingependa ustadi wako upotelee hapo. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na una mafuta ya asili ambayo chaki haishikamani nayo vyema. Mbavu za mpingo zingehitaji wembamba wa kuvunjika ndipo zitetemeke. Nakshi kwenye mbavu ni tatizo kwa mbao yoyote ile, kwa sababu kila mchoro unabadilisha unene, na unene ndio sauti. Nakshi zako zipeleke kwenye mpini, kwenye vichwa na chini ya kitako, mahali ambapo unaweza kuchonga utakavyo bila kuidhuru kazi. Mpini wenye sura iliyochongwa na mkono wa Mmakonde utakitofautisha kisanduku chako na vyote vinavyotoka viwandani, na ninaamini kabisa kwamba hapo ndipo thamani yako ilipo.

Mpingo usiutupe, hata hivyo. Wawindaji hao hao hutumia kifaa cha pili, kisahani cha mbao kilichofunikwa kwa jiwe la sleti au kioo, ambacho hukwaruzwa kwa kijiti chenye mpini, nao wanavithamini sana vijiti vya mpingo kwa ugumu wake na ukali wa sauti yake. Kijiti cha sentimita 20 hutoka katika masalia ambayo sasa unayachomea moto.

Zingatia mambo mawili. Unaposugua mpingo kwa msasa vaa barakoa, kwa kuwa vumbi lake huwasha ngozi na kuziba kifua. Na uwe na karatasi zinazoonyesha mti ulikotoka. Karibu jamii yote ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, iliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kabla ya kutuma hata kijiti kimoja nje ya nchi ulizia masharti katika ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu iliyo karibu nawe. Mpingo halali upo kusini hapa hapa: vijiji kadhaa vya wilaya ya Kilwa vina misitu yao inayosimamiwa na wanakijiji, na kazi hiyo ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unasimamiwa vizuri. Kununua kwao ni kununua mti ambao jirani zako wamenufaika nao.

*Je, kisanduku hiki kinaweza kuitia kanga wa porini? Huku kwetu wapo wengi. (Kijana, Nachingwea)*

Hapana, mdogo wangu. Kanga ana mlio wake, na hatamfuata bata mzinga ambaye hajawahi kuishi katika pori lolote la Afrika. Hata ungepata chombo kinachomfaa, kuwinda kanga bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kitengeneze kisanduku kwa ajili ya kuuza au kwa ajili ya kuwaita bata mzinga wako warudi bandani.

*Fundi, nimefanya kazi ya mbao miaka mingi hapa pwani. Nimejaribu kisanduku hicho, kikalia vizuri wakati wa kiangazi, lakini mvua zilipoanza kikafifia, na chaki ninayopaka haikai. Nifanye nini, na nikimtumia mtu wa mbali nikifunge vipi? (Mzee, Kilwa Masoko)*

Shikamoo mzee wangu. Unyevu wa pwani yetu tangu Desemba hadi Aprili unaingia katika mbao yoyote, na ubavu wa milimita 3 unaunywa haraka kuliko ubao wa meza. Mbao iliyonyonya unyevu hutetemeka kwa uvivu, na chaki iliyolowa huwa utando badala ya unga. Hakuna vanishi itakayotibu hilo bila kuiua sauti, kwa hiyo kinga yake ni kukihifadhi kisanduku ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, pamoja na kitambaa chenye kiganja kimoja cha mchele mkavu uliokaangwa bila mafuta, na kukitoa wakati wa kukitumia tu. Kikishalowa kiache kivulini penye upepo kwa siku kadhaa. Usikiweke juani wala juu ya jiko, maana ubavu mwembamba utapinda kabla haujakauka.

Kuhusu chaki, ile ya ubaoni ya kawaida, nyeupe na yenye vumbi, ndiyo inayofaa. Zile zinazotengenezwa zisitoe vumbi huacha utelezi. Kabla ya kupaka upya, tazama kifuniko kwa kukielekeza kwenye mwanga: ukiona mahali panang'aa, chaki ya zamani imesuguliwa mpaka ikawa kioo, na chaki mpya haitashika juu yake. Pitisha msasa laini uliochakaa mara mbili au tatu kwa wepesi, uondoe ule mng'ao tu bila kuifikia mbao, ndipo upake.

Unapokituma, kumbuka kwamba kinaweza kufika katika nchi yenye baridi ambamo nyumba hupashwa joto na hewa ya ndani huwa kavu kuliko yetu, na mbao itasinyaa. Ndiyo sababu nilimsisitizia seremala wa Masasi ukavu wa mbao tangu mwanzo, na ndiyo sababu kisanduku kilichoundwa wakati wa kiangazi husafiri vizuri zaidi kuliko kilichoundwa masika. Weka kipande cha kitambaa safi cha pamba kati ya kifuniko na kingo ili visisuguane njiani, zungusha mpira mmoja mpana kukibana kifuniko, na mpira huo umweleze mnunuzi asiutupe: akiuacha umefungwa kwa ulegevu kidogo kisha akakitikisa kisanduku kwa nguvu, kitatoa gulugulu ya dume. Mwongezee karatasi yenye onyo kwamba mlio huo wa dume usipigwe msituni wakati wa msimu wa uwindaji, kwa sababu mwindaji mwingine aliye nyuma ya kichaka anaweza kuufuata akiwa ameshika bunduki. Ongeza katika karatasi hiyo alama ya mahali ulipoiacha skrubu, ili ikilegea aweze kuirudisha mwenyewe.